Jua halikukata intaneti. Uongo ule niliuandika mimi

Nimepotea kidogo, kazi za gazeti mnazijua wenyewe. Leo nimerudi na mambo mawili: toba na ugomvi. Naanza na toba, ili nikifika kwenye ugomvi asitokee mtu wa kuniambia nyani haoni kundule.

Mnaikumbuka Mei 2024? Mwanzoni mwa mwezi ule kilikuja kimbunga Hidaya. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema mapema, ikasema kwa Kiswahili, ikataja mikoa ya pwani kwa majina. Watu wakavuta mitumbwi nchi kavu, wakakaa ndani. Wiki haijaisha, usiku wa Ijumaa tarehe 10 Mei, ikaja dhoruba nyingine ambayo hakuna aliyesikia upepo wake. Ilikuwa dhoruba ya sumaku kutoka kwenye jua, ya daraja la G5, ambalo ndilo la juu kabisa. Daraja hilo halikuwa limefikiwa tangu Oktoba 2003. Mbingu za Ulaya na Marekani ziliwaka nyekundu na kijani, mpaka Florida, mpaka Mexico. Jumapili tarehe 12, intaneti ikaanguka Afrika Mashariki.

Mimi nilikuwa zamu Jumapili ile. Mhariri wa zamu akatazama picha za mbingu nyekundu alizokuwa amezihifadhi kwenye simu, akatazama kompyuta yake inayozunguka tu bila kufungua kitu, akasema: "Dogo, habari ya kesho hii hapa. Jua limekata intaneti." Nikamwambia bosi, taarifa zilizopo ni kwamba nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zimekatika huko pwani ya Afrika Kusini. Akafikiri kidogo. "Basi weka alama ya kuuliza."

Nikaweka alama ya kuuliza. Habari yenyewe nikaiandika mimi, nyaya nikazitaja aya ya tisa.

Sasa sikilizeni matokeo yake. Shangazi yangu yuko Mbagala, ni wakala wa fedha za simu. Jumatatu asubuhi alikuwa anasikiliza magazeti yakisomwa redioni kama kawaida yake, akasikia kichwa cha habari changu. Alama ya kuuliza haisikiki redioni, jamani. Alichosikia ni kwamba jua linazima mitambo. Akazima simu zake zote mbili za kazi akaziweka kabatini zisiungue. Alikuja kuziwasha Jumatano, na kabla ya kuziwasha alimwazima jirani simu akanipigia: "Mwanangu, wewe si ndiye unayeandika huko? Hilo jua limeshapita?"

Siku mbili bila kamisheni, wateja wamehamia kibanda cha pili. Gazeti halikusahihisha kitu, na mimi sikudai lisahihishe. Hiyo ndiyo toba yangu. Nimekaa nayo muda mrefu kuliko inavyostahili.

Haya, ugomvi.

Kwenye suala hili la jua tuna kambi mbili, na zote mbili zinatudanganya. Ya kwanza ni kambi ya KIAMA, yaani sisi wa magazeti. Kila jua likikohoa tunaandika kwamba dunia itakaa gizani, simu zitaungua, ndege zitaanguka. Ya pili ni kambi ya HAYATUHUSU. Hii imejaa wakubwa na baadhi ya wasomi. Baada ya yale ya shangazi nilimpigia mtaalamu mmoja wa serikali nimuulize kama kuna mtu hapa nchini anayefuatilia mambo haya. Akacheka. "Kijana, hayo ni ya wazungu huko kwenye ncha za dunia. Sisi tuko ikweta, tuko salama."

Nataka kuonyesha kwamba huyo naye kakosea kama mimi, na kosa lake huenda ni ghali zaidi kuliko langu.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini. Jua haliishii kutupa mwanga na joto. Muda wote linapuliza upepo wa chembe zenye umeme, na upepo huo unabeba sumaku ya jua lenyewe. Kuna wakati linalipuka, na mlipuko unaweza kutoa vitu viwili ambavyo magazeti yetu huvichanganya. Kimoja ni mwako, yaani mmweko mkali wa eksirei unaotufikia kwa dakika 8 tu. Kingine ni bonge la gesi yenye umeme na sumaku, lenye uzito wa mabilioni ya tani, ambalo kwa kawaida hutumia siku moja mpaka tatu njiani. Hilo bonge likitukuta hutikisa sumaku ya dunia, na mtikisiko huo ndio dhoruba.

Hatari ipo, sikatai. Tarehe 1 Septemba 1859 Mwingereza Richard Carrington aliona mwako akiwa anachora madoa ya jua, na saa zisizofika 18 baadaye nyaya za telegrafu zikawa zinatoa cheche. Tarehe 13 Machi 1989 gridi ya Quebec, Kanada, ilianguka ndani ya dakika moja na nusu, watu milioni 6 wakakaa gizani kwa saa 9. Na baada ya dhoruba za Oktoba na Novemba 2003, watafiti wa Afrika Kusini walizihusisha dhoruba hizo na kuharibika kwa transfoma kadhaa nchini mwao. Afrika Kusini, si Norway.

Ila kuna tofauti kati ya kusema hatari ipo na kusema kesho saa ngapi nini kitazimika. Hapo ndipo penye utabiri, na utabiri una mipaka ambayo sisi waandishi hatuisemi kwa sababu inaua kichwa cha habari.

Pale Boulder, Colorado, kuna kituo cha serikali ya Marekani kinachotabiri hali ya hewa ya anga za juu. Wanachukua picha na vipimo vya sumaku ya jua, wanavitia kwenye modeli inayoitwa WSA-Enlil, na kompyuta inakokotoa upepo wa jua utakavyosafiri mpaka kwetu. Modeli si mganga. Ni hesabu za fizikia zinazokula data, na zikilishwa data hafifu zinatapika utabiri hafifu. Leo hii, kwa bonge lililokwisha kuonekana likitoka kwenye jua, modeli za namna hii hukosea saa ya kufika kwa wastani wa saa 10 hivi, kabla au baada. Kwa safari ya kilometa milioni 150 si mbaya hata kidogo. Lakini huwezi kuitumia kumwambia shangazi azime simu saa nne kamili.

Kuna zaidi. Ili dhoruba iwe kali, sumaku iliyobebwa na lile bonge inatakiwa ielekee kusini, kinyume na sumaku ya dunia, ndipo mlango unafunguka. Ikielekea kaskazini, bonge lile lile linapita na kelele ndogo. Inaelekea wapi? Kwa uhakika hujui mpaka ifike kwenye vyombo vilivyokaa kilometa milioni 1.5 kutoka duniani upande wa jua, kama ACE kilichorushwa 1997. Kutoka pale mpaka kwetu ni robo saa mpaka saa moja hivi. Muda wa kuchemsha maharage haufiki.

Na utabiri wa miaka je? Desemba 2019 jopo la wanasayansi lilikadiria kwamba mzunguko huu wa jua, wa 25, ungefika kilele Julai 2025 ukiwa na wastani wa madoa 115. Kilele kilikuja mwishoni mwa 2024, na wastani ukafika takriban 160. Hawa ni watu makini, wana kompyuta kubwa, na walikosea wakakubali hadharani. Mei 2024 wale wa Boulder walitoa tahadhari ya G4, ya kwanza ya aina hiyo tangu 2005, dhoruba ikaja G5. Walipungukiwa daraja moja, lakini walisema mapema, wakataja kiwango, wakataja nani ajiandae. Sasa jiulize gazeti linaloandika "wanasayansi watabiri giza la dunia nzima" limewatoa wapi wanasayansi hao.

Nitawaambia tulikowatoa. Mwaka 2021 mtafiti wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, Sangeetha Abdu Jyothi, aliandika makala kuhusu dhoruba kubwa ya jua inavyoweza kuumiza intaneti. Kichwa chake kilikuwa na neno linalomaanisha kiama, basi, vyombo vya habari duniani vikalidaka hilo neno na kuacha makala. Mle ndani anaonyesha kwamba nyaya zinazopita karibu na ncha, zile za Marekani kwenda Ulaya kwa mfano, ndizo zenye hatari kubwa, na za ukanda wa ikweta hatari yake ni ndogo. Yaani karatasi iliyozaa vichwa vyetu vyote vya habari inasema kinyume cha kile tulichomwambia mtu wa Mbagala. Intaneti ya hapa kwetu inaweza kuzimwa na vitu vingi, wadau, na vingine mnavijua. Jua liko mwisho kabisa wa orodha.

Kambi ya Hayatuhusu hapa itapiga makofi. Ngojeni kwanza.

Rudini kwenye ule mwako wa dakika 8. Eksirei zake hugonga tabaka la juu la angahewa linaloitwa ionosfea, na tabaka hilo ndilo linalorudisha chini mawimbi ya redio ya masafa marefu, yale ya meli, ndege na shughuli za uokoaji. Likigongwa linayameza mawimbi badala ya kuyarudisha. Linagongwa wapi? Upande wenye mchana, na kwa nguvu zaidi pale jua lilipo utosini. Sasa niambieni, nani anaishi chini ya jua la utosini, Mnorway au sisi? Tarehe 11 Novemba 2025, saa 7 na dakika 4 mchana kwa saa zetu, jua lilitoa mwako wa daraja la X5.1. Redio za masafa marefu zikapotea kwa muda katika Ulaya na Afrika. Ni magazeti mangapi ya hapa yaliandika? Kama mliliona moja nileteeni, nitawanunulia chai.

Ile ilikuwa ya siku moja. Kinachoniudhi hasa ni cha karibu kila siku, nacho hakihitaji dhoruba yoyote.

Dunia ina mstari wa kati wa sumaku, tofauti kidogo na ikweta ya kwenye ramani. Kwa upande wetu mstari huo unapita Ethiopia, karibu na Addis Ababa. Mchana, jua linapotengeneza chembe za umeme huko juu, zile zilizo juu ya mstari huo hunyanyuliwa, kisha huteremka pande mbili, kaskazini na kusini, kama maji ya chemchemi. Hulundikana kwenye vichuguu viwili, kila kimoja digrii 15 hivi kutoka kwenye mstari. Dar es Salaam iko digrii 15 au 16 kusini ya mstari huo. Tumejenga jiji chini ya kichuguu.

Mawimbi ya GPS yakipita kwenye lundo hilo huchelewa, na kuchelewa kwake ndiko makosa ya vipimo. Nina rafiki mpima ardhi, kazi zake nyingi ziko Kigamboni. Mwaka 2024 wote alikuwa analalamika kwamba ikifika saa saba saa nane mchana mashine yake inagoma kufiksi, na ikifiksi inampa namba zinazotembea. Alibadilisha antena. Aligombana na aliyemuuzia mashine, akamwambia ni feki. Sikumbuki ni mara ngapi nimemsikia akimlaani yule muuzaji, na mimi siwezi kuapa kwamba kila mgomo ulitokana na ionosfea. Lakini ule ulikuwa mwaka wa kilele cha jua, saa zile ndizo lundo linapokua, na eneo ndilo hili la kichuguu. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba kitu hicho kipo. Na mnajua wenyewe mpaka wa kiwanja ukisogea nusu mita hapa mjini unaishia wapi. Unaishia mahakamani.

Likizama jua mambo yanabadilika. Sehemu ya chini ya ionosfea hufifia haraka, ya juu inabaki nzito, na kitu kizito hakikai juu ya chepesi. Yanazaliwa mapovu, mashimo makubwa matupu yanayopanda juu na kutanuka kaskazini na kusini. Mawimbi ya setilaiti yakipita humo yanametameta kama nyota, na kipokezi kinaweza kuipoteza setilaiti kabisa. Hali hii huanza kama saa mbili usiku na inaweza kwenda mpaka saa sita au zaidi, hasa Machi na Aprili, Septemba na Oktoba, na zaidi jua likiwa kwenye kilele. Huko Norway wana mapambo ya kijani angani. Sisi tuna mapovu yasiyoonekana. Tofauti ni kwamba yao yana picha nzuri za kuweka ukurasa wa mbele.

Mnataka kujua nani aliyatilia maanani mapovu haya? Wanajeshi. Machi 2002 huko Afghanistan, kwenye mapambano ya mlima Takur Ghar, helikopta ya Marekani ilikuwa inatumiwa ujumbe kwa setilaiti kwamba isitue pale juu. Ujumbe haukufika. Wanajeshi 7 wa Marekani walikufa siku ile. Mwaka 2014 watafiti walichapisha uchambuzi wa data za setilaiti ya NASA iliyopita eneo lile, wakasema huenda povu la namna hii lilichangia kuukata ujumbe. Hata kabla ya uchambuzi huo, Aprili 2008, jeshi la anga la Marekani lilikuwa limeshaipeleka juu setilaiti ya C/NOFS, ikizunguka ukanda wa ikweta, kazi yake kusaidia kutabiri mapovu haya haya. Waliona anga la kwetu lina thamani ya setilaiti nzima. Mtaalamu wetu kaniambia halituhusu!

Na hili si jambo geni pwani yetu. Tarehe 26 Aprili 1967, kutoka kwenye jukwaa la baharini pale Ngomeni karibu na Malindi, Waitaliano walirusha setilaiti ya San Marco 2. Moja ya kazi zake ilikuwa kupima uzito wa hewa ya juu sana kwenye ikweta. Februari 2022 kampuni ya SpaceX ilirusha setilaiti 49 za Starlink, ikaja dhoruba ndogo tu ya jua, hewa ya juu ikatanuka na kuwa nzito, setilaiti 38 zikaanguka na kuungua. Uzito wa hewa ile ile ya juu, wadau. Ulipimwa kutokea Kenya miaka 55 kabla, na sisi shuleni tulichofundishwa kuhusu Malindi ni Vasco da Gama.

Sasa nafika kwenye hoja yenyewe. Kwa nini mapovu ya usiku wa leo hayatabiriki vizuri? Msimu wake tunaujua. Usiku upi ndani ya msimu, hapo modeli zinahangaika. Inatakiwa kujua chembe zinanyanyuliwa kwa kasi gani juu ya mstari wa kati machweo yanapofika, na hilo linatakiwa lipimwe hapa, kwenye longitudo yetu. Sehemu kubwa ya kinachojulikana kuhusu anga la ikweta kilipimwa Jicamarca, karibu na Lima, Peru, kwenye rada kubwa inayofanya kazi tangu miaka ya 1960. Modeli nyingi zimejifunza ikweta kwa kuitazama Peru. Kisha zikiulizwa kuhusu Dodoma zinajibu kwa kukisia. Na tafiti zimeonyesha kwamba mapovu ya Afrika yana tabia zake, yanatokea hata miezi ambayo kwingine ni haba.

Msinielewe vibaya, vifaa vipo kidogo. Addis Ababa wanapima sumaku tangu 1958. Chuo Kikuu cha Kyushu cha Japani kilisambaza vipimasumaku Afrika katika miaka ya 2000, Dar es Salaam, Nairobi na Addis Ababa zikiwemo. Kuna ujanja mzuri hapo: ukichukua kipimo cha mchana cha mahali palipo juu ya mstari wa kati, ukatoa cha mahali pa mbali kidogo, tofauti inakusaidia kukadiria chembe zinavyonyanyuliwa. Vifaa viwili na hesabu ya kutoa. Hermanus, Afrika Kusini, kuna kituo kinachofuatilia hali hii saa 24 tangu 2022. Lakini bara hili ni kubwa, na kusini ya bara si ikweta.

Siku hizi kuna wimbo mpya wa akili bandia. Agosti 2025 IBM na NASA walitoa modeli inayoitwa Surya, iliyofundishwa kwa picha za jua za miaka 9, na wakaiacha wazi, yeyote aipakue. Ni jambo zuri, na mwanafunzi wa Mlimani anaweza kuichukua leo. Ila Surya inatazama jua. Haijui kichuguu cha Dar. Mashine inajifunza inachoonyeshwa, na sisi hatujaionyesha kitu. Tutakaa hapa tukisubiri akili bandia ije kutukomboa, itakuja, itatutabiria Peru.

Najua kuna mdau ameshaanza kuandika: "Ndugu yangu, watu hawana maji, wewe unaleta habari za mapovu." Swali halali. Jibu langu ni kwamba siombi tununue rada. Vile vipokezi vya kudumu vya GPS vinavyofungwa nchi mbalimbali kwa ajili ya ramani na upimaji wa ardhi, kimoja kiko Malindi siku nyingi na data zake ziko wazi kwa dunia nzima, vinapima ionosfea kila sekunde hata kama mwenye nacho hataki. Mpima ardhi anaita kelele na kuitupa. Mtabiri anaililia hiyo kelele. Kinachotakiwa ni vipokezi vilivyokwisha kulipiwa, kila kimoja, data zake ziwekwe mahali ambapo mwanafunzi wa fizikia ataziona bila kuandika barua tatu na kusubiri muhuri. Data iliyofungiwa kwenye droo haimtabirii mtu kitu.

Kwa hiyo madai yangu ni haya.

Wahariri wangu, pamoja na yule wa alama ya kuuliza: habari ya jua isiingie gazetini bila vitu vinne. Kituo gani kimesema. Kimesema saa ngapi. Ni daraja gani, maana zipo ngazi tatu zinazojulikana, R ya redio, S ya mionzi na G ya sumaku, kila moja kuanzia 1 mpaka 5. Na inamgusa nani HAPA, si Stockholm. Habari ikikosa kimoja, irudi kwa mwandishi.

Mamlaka za hali ya hewa za Afrika Mashariki: mmeweza Hidaya. Mlisema mapema, mkasema kwa lugha ya watu, watu wakasikia. Ongezeni sentensi moja tu baada ya joto la juu na la chini: jioni hii kuna uwezekano wa mawimbi ya setilaiti kuyumba kati ya saa mbili na saa sita usiku. Mtakosea mwanzoni. Hata mvua mnakosea na bado tunabeba miavuli. Ila mkianza kusema, mtaanza kuweka kumbukumbu ya mlipopatia na mlipokosea, na bila kumbukumbu hiyo hakuna modeli itakayopata nafuu.

Wenye vipokezi: fungueni droo.

Na wewe uliyesoma fizikia ukaishia kuuza vocha au kuandika habari za madiwani kama mimi, kuna anga hapo juu ambalo halijapimwa vya kutosha, na ni la kwenu.

Kinachonitisha mimi si dhoruba kama ya 1859. Kinachonitisha ni kwamba siku moja itatoka tahadhari ya kweli, ya jua au ya kimbunga, yenye saa na mahali, na shangazi ataisikia redioni akasema, "Aah, hawa ndio wale wale." Hapo tutakuwa tumetumia imani yake yote kwenye alama moja ya kuuliza. Kimbunga Hidaya watu walikisikia kwa sababu waliosema walikuwa hawajawachosha kwa uongo.

Gazeti halikusahihisha, nasahihisha mimi. Tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilianguka kwa sababu nyaya mbili zilikatika chini ya bahari. Jua halikuhusika. Shangazi, kama kuna atakayekusomea hii, ile kamisheni ya siku mbili naidaiwa mimi.

Nawasilisha. Wenye matusi karibuni, wenye data karibuni zaidi.